Omega-3: maswali kuhusu dagaa, samaki wa mafuta na vidonge vya dukani

Omega-3 ni nini hasa?

Ni jina la kundi la asidi za mafuta. Tatu ndizo zinazotajwa sana: ALA, inayopatikana kwenye baadhi ya mbegu na mafuta ya mimea, kisha EPA na DHA, ambazo wengi wetu huzipata kwa kula samaki. Mwili hauwezi kujitengenezea ALA, ni lazima itoke kwenye chakula. DHA hujenga ubongo na ile sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga. EPA hutumika kutengeneza kemikali zinazotuliza uvimbe mwilini na kupunguza damu kuganda ovyo.

Habari ya omega-3 na moyo ilianzia wapi?

Miaka ya 1970 madaktari wawili wa Denmark, Hans Olaf Bang na Jørn Dyerberg, walipima damu ya Wainuiti wa Greenland. Watu hao walikula mafuta mengi ya samaki na wanyama wa baharini, lakini trigliseraidi zao, yaani mafuta yanayozunguka kwenye damu, zilikuwa chini, na damu yao ilichelewa kuganda. Utafiti mwingi uliofuata ulianzia hapo.

Watanzania tuna ushahidi wetu pia, na inasikitisha kwamba hausimuliwi inavyostahili. Mwaka 1996 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti wa Lugalawa, wilayani Ludewa. Watafiti walilinganisha wanakijiji wa mwambao wa Ziwa Nyasa, waliokula samaki kila siku, gramu 300 na kuendelea, na wanakijiji wa milimani, si mbali na hapo, ambao chakula chao kilitoka shambani. Watu wa ziwani walikuwa na omega-3 nyingi zaidi kwenye damu. Presha yao ilikuwa chini kuliko ya wenzao wa milimani, na kolesteroli na trigliseraidi vilevile. Hawa hawakuwa wakila samaki wa bei mbaya kutoka bahari za kaskazini. Walikula samaki wa ziwani, wa maji yasiyo na chumvi, wanaovuliwa kwa mitumbwi.

Ni kweli kwamba kulinganisha vijiji viwili hakuthibitishi kuwa omega-3 peke yake ndiyo iliyoleta tofauti. Anayekula samaki kila siku kuna vitu vingine havili. Lakini kwa mtu anayejiuliza aweke nini kwenye sahani, ushahidi huo una uzito.

Basi si ninunue vidonge vya mafuta ya samaki nimalize kazi?

Hapa naomba tuende taratibu, maana pesa nyingi za wagonjwa hupotelea hapa.

Mwaka 1999 utafiti wa Italia uitwao GISSI, wa zaidi ya wagonjwa 11,000 waliokwisha kupata shambulio la moyo, ulionyesha kuwa gramu 1 ya omega-3 kwa siku ilipunguza vifo. Matumaini yakawa makubwa. Lakini mwaka 2018 tafiti mbili kubwa zilitoa jibu jingine. ASCEND ya Uingereza ilifuatilia watu zaidi ya 15,000 wenye kisukari, na VITAL ya Marekani ikafuatilia karibu watu 26,000. Zote zilitumia kiasi kilekile cha gramu 1, na hazikuona punguzo la maana la matukio makubwa ya moyo na kiharusi kwa ujumla.

Mwaka huohuo utafiti wa REDUCE-IT ulitumia dawa ya EPA tupu, gramu 4 kwa siku, kwa watu wenye trigliseraidi za juu ambao tayari walikuwa wakimeza dawa za kolesteroli. Matukio ya moyo yalipungua kwa asilimia 25. Miaka 2 baadaye utafiti wa STRENGTH, uliotumia EPA pamoja na DHA kwa kipimo kikubwa, haukuona faida. Wataalamu bado wanabishana kuhusu sababu.

Kisichobishaniwa ni kwamba gramu 2 hadi 4 kwa siku hushusha trigliseraidi. Hiyo ni tiba ya daktari, baada ya kipimo cha damu.

Ukishika kopo la dukani, geuza usome nyuma. Mbele pameandikwa mg 1,000 kwa herufi kubwa, lakini hayo ni mafuta ya samaki yote kwa jumla. Mara nyingi EPA ni mg 180 na DHA mg 120, jumla mg 300. Anayekuambia kidonge kimoja cha namna hiyo kitakuondolea presha, kisukari na maumivu ya viungo anakudanganya. Na usiache dawa zako za presha kwa ajili yake.

Dagaa nao wana omega-3, au mpaka samaki wakubwa?

Wanazo, na nzuri. Vibua, simu na jodari wa baharini wanazo pia. Sato ana mafuta machache, kwa hiyo omega-3 yake ni kidogo, ingawa bado ni mboga nzuri. Mamlaka ya Ulaya ya usalama wa chakula inapendekeza mtu mzima apate mg 250 za EPA na DHA kwa siku, na milo miwili ya samaki kwa wiki, mmojawapo ukiwa wa samaki wa mafuta, inatosha kumfikisha hapo.

Dagaa analiwa mzima, kwa hiyo pamoja na omega-3 unapata kalsiamu ya mifupa yake. Kwa kuwa ni mdogo na haishi miaka mingi, zebaki, metali yenye sumu, haijapata muda wa kurundikana mwilini mwake. Wengine hukata vichwa na kuvitupa. Ukiweza kuviacha, viache, maana ubongo na macho ndimo DHA ilimo. Na inauma kuona kwamba sehemu kubwa ya dagaa wa Ziwa Victoria huishia kwenye chakula cha kuku, huku wapo watoto wasiopata mboga.

Tatizo la dagaa liko kwenye ukaushaji. Omega-3 huharibika haraka kwa jua, hewa na joto. Waliokaushwa juu ya vichanja ni bora kuliko walioanikwa mchangani. Chagua wenye rangi ya fedha inayong'aa, wakavu wanaovunjika ukiwakunja. Wakiwa wamegeuka manjano na wananuka mafuta yaliyochacha, waache. Ukifika nyumbani wafunge vizuri, uwaweke mahali pakavu penye kivuli.

Kwenye mapishi, mchuzi au kuchemsha huhifadhi mafuta yake vizuri kuliko kuzamisha kwenye karai la mafuta ya moto.

Mjamzito je?

Huyu ndiye ambaye ningependa apate samaki kabla ya wote nyumbani. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, ya mwaka 2018 yalikusanya tafiti nyingi na kuona kuwa kwa wajawazito waliopewa omega-3, wanaojifungua kabla ya wiki 34 walipungua kutoka asilimia 4.6 hadi 2.7. Watoto njiti wa umri huo ndio wanaopata shida kubwa ya kupumua na kunyonya.

Aepuke papa na nduaro, kwa sababu ya zebaki. Mtoto akishafika miezi 6, kijiko cha unga wa dagaa waliochambuliwa mchanga na kuoshwa kinafaa kwenye uji wake.

Nina mtoto mwenye selimundu (sikoseli). Inamsaidia?

Utafiti uliofanyika Sudan kwa wagonjwa 140 wa umri wa miaka 2 hadi 24, uliochapishwa mwaka 2013, uliona kuwa waliopewa omega-3 walipata vipindi vichache vya maumivu makali. Inatia moyo. Hata hivyo haidroksiurea inabaki dawa yake, na omega-3 ikiongezwa, iongezwe na daktari wa kliniki yake.

Sili samaki kabisa.

Tumia mbegu za chia, mbegu za kitani zilizosagwa, au mafuta ya soya. Mwili hubadilisha sehemu ndogo tu ya ALA kuwa EPA, na DHA ni kidogo zaidi. Mafuta ya alizeti karibu hayana omega-3. Vipo pia vidonge vya DHA vinavyotokana na mwani.

Nani awe mwangalifu?

Anayemeza wafarini au dawa nyingine za kuzuia damu kuganda amwambie daktari kabla ya kuanza vidonge. Dozi kubwa za omega-3 pia zimeonekana kuongeza hatari ya moyo kupiga bila mpangilio, hasa chumba cha juu cha moyo. Ukianza kusikia moyo ukirukaruka, acha vidonge na uende ukapimwe.