Mafuta Hupitaje Kwenye Nati Iliyoganda kwa Kutu?

Nati imeganda kwa kutu. Fundi anaipulizia mafuta, anaiacha, kisha anarudi na spana na nati inazunguka. Je, mafuta yamepitaje mahali ambapo hata ncha ya wembe haiingii? Na kama yana nguvu hiyo, mbona bawaba iliyopuliziwa mafuta yaleyale huanza kulia tena baada ya muda mfupi?

Tuanze na kutu yenyewe. Chuma kinapopata maji na hewa hugeuka kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, mara mbili au zaidi. Ndani ya hesi, yaani zile nyuzi za bolti na nati, nafasi hiyo ya ziada haipo. Kwa hiyo kutu hujibana kama kabari, ikisukuma bolti upande mmoja na nati upande wa pili. Ndiyo maana nati uliyoifunga kwa mkono mwepesi inaweza kukataa kufunguka hata kwa mtu mwenye nguvu.

Lakini kutu si kitu kizima kama chuma. Ina vinyweleo na nyufa ndogo mno, na humo ndimo mafuta hupita. Umewahi kuona utambi wa taa unavyopandisha mafuta juu bila kusukumwa na chochote? Ni kanuni ileile: kimiminika kinachoshikamana vizuri na kuta za nafasi nyembamba huvutwa ndani yake, hata kama ni kwenda juu. Mafuta ya kulainishia yatokanayo na mafuta ghafi (si petroli ya gari) yanafaa kwa kazi hii kwa sababu mvutano wake wa uso, yaani nguvu inayokusanya kimiminika kiwe tone, ni mdogo. Maji yana takriban milinyutoni 72 kwa mita, mafuta hayo kati ya 25 na 30. Ndiyo maana tone la maji juu ya chuma chenye grisi hujikunja likawa duara, na tone la mafuta hutandaa.

Nafasi ikiwa nyembamba, mvuto huwa mkubwa, ila mwendo huwa wa polepole. Hapa ndipo wengi huharibu kazi. Wanapuliza, wanahesabu dakika mbili, wanavuta spana kwa hasira, kichwa cha bolti kinakatika. Mimi naona kusubiri kuna thamani kuliko jina lililoandikwa kwenye kopo. Sugua kwanza kwa brashi ya waya ili mafuta yasinywewe na uchafu wa juu. Paka, gonga kichwa cha bolti kwa nyundo mara kadhaa ili kutu ipate nyufa mpya, paka tena, ulale. Asubuhi jaribu kwanza kukaza kidogo, kisha fungua, nenda mbele na kurudi nyuma. Ukitaka kutumia moto, nati ikipashwa hutanuka na kuvunja ule mshiko. Lakini tumia moto kabla ya mafuta, maana mvuke wa mafuta huwaka.

Jambo moja lisemwe wazi: mafuta haya hayayeyushi kutu. Kazi hiyo hufanywa na asidi, hata ile hafifu ya siki. Mafuta hulainisha tu chembe za kutu ili ziteleze badala ya kung'ang'ania.

Sasa ile bawaba. Ili yapenye, mafuta lazima yawe na mnato mdogo, na mara nyingi huchanganywa na kiyeyushi kinachoruka hewani. Baada ya muda kinachobaki ni utando mwembamba sana. WD-40, kopo linalojulikana kuliko yote, ilitengenezwa mwaka 1953 mjini San Diego, Marekani, kwa ajili ya kufukuza maji na kuzuia kutu. Herufi WD ni kifupi cha maneno ya Kiingereza "Water Displacement", yaani kufukuza maji, na 40 ni hesabu ya jaribio lililofaulu. Ilikinga ngozi ya makombora ya Atlas ya jeshi la Marekani. Kuitegemea ilainishe cheni au beringi kwa miezi ni kuipa kazi isiyo yake. Bawaba na cheni zinataka oili nzito inayonata, beringi inataka grisi. Kwenye tundu la kitasa unga wa grafaiti ni bora, kwa sababu haukamati vumbi. Palipo na mpira tumia silikoni, kwani mafuta yatokanayo na mafuta ghafi huvimbisha aina nyingi za mpira, zikiwemo sili za breki. Ila silikoni isikaribie mahali patakapopakwa rangi. Rangi itatoboka vishimo.

Na kwenye vifaa vya oksijeni ya kuchomelea usipake mafuta yoyote kamwe. Mafuta yakikutana na oksijeni yenye shinikizo kubwa yanaweza kuwaka yenyewe.

Bolti ikishatoka, isafishe kabla ya kuirudisha. Unapokaza bolti kavu, takriban asilimia 10 tu ya nguvu ya spana ndiyo huivuta. Iliyobaki huliwa na msuguano. Hesi zikiwa na mafuta msuguano hupungua, na nguvu ileile ya spana huivuta bolti zaidi, pengine hadi ikatike. Kwa hiyo angalia kama kipimo cha kukazia kilichoandikwa na mtengenezaji ni cha hesi kavu au zenye mafuta.