Kunguru wa Unguja anatuhusu nini Dodoma?

Vijiweni hapa Dodoma wengi huamini kuwa fedha za umma za kudhibiti viumbe vamizi visiwani (wanyama au mimea ya kigeni inayoenea na kuleta madhara) haziwahusu watu wa bara, tena ni kazi ya mara moja tu.

Tumtazame kunguru wa India. Aliletwa Unguja miaka ya 1890 ale takataka. Akazaana, akaenea hadi pwani ya bara, akila mayai na makinda ya ndege wengine, hata vifaranga vya kuku. Miaka ya 1990 Unguja iliwapunguza sana; juhudi ziliposimama, wakajaa tena. Hapo ndipo panaponiuma, maana jasho lote lile lilipotea. Utafiti nao si anasa: usipohesabu ndege, utajuaje kama mtego umesaidia?

Hakiki mwenyewe. Kunguru wetu wa asili ana weupe shingoni na kifuani, kama aliyevaa fulana. Wa India ana kijivu shingoni, hana weupe popote. Kuhusu fedha, hotuba za bajeti husomwa hapa hapa Dodoma na hupatikana mtandaoni. Tafuta neno “vamizi”, kisha linganisha kilichotengwa na kilichotolewa.