Je, wajua kwa nini seli mbili pacha za inzi wa matunda hufuata njia tofauti?

Ndani ya ovari ya inzi wa matunda, Drosophila melanogaster, seli shina hugawanyika na kuzaa seli mbili zenye jeni zilezile. Moja hubaki seli shina kama mama yake, na nyingine huanza safari ya kuelekea kwenye yai. Kama jeni ni zilezile, anayeamua ni nani?

Ni jirani. Kwenye ncha ya kila mrija wa mayai kuna kikundi kidogo cha seli zinazotoa protini iitwayo Dpp. Seli shina, mbili au tatu tu, zimeshikamana nazo. Dpp ikinasa kwenye kipokezi kilicho juu ya seli shina, protini nyingine iitwayo Mad huamshwa, ikaingia kwenye kiini na kuizima jeni ya bam. Jeni hiyo ndiyo inayoisukuma seli ibadilike. Ikizimwa, seli hubaki vilevile na kuendelea kuzaa.

Seli shina hugawanyika kwa mpangilio: pacha mmoja hubaki ameshika ncha, mwenzake husukumwa pembeni. Umbali wenyewe ni upana wa seli moja tu! Lakini Dpp haifiki mbali, kwa kuwa hunaswa na protini zilizo karibu na chanzo chake, hivyo bam ya pacha wa pembeni huwaka. Pacha huyo hugawanyika mara 4 bila seli zake kuachana kabisa, zikapatikana seli 16 zilizounganishwa kwa vijia vyembamba. Moja tu huwa yai, na 15 kazi yao ni kuilisha; mgao mkali, kusema kweli.

Mwaka 1998 watafiti Ting Xie na Allan Spradling walionyesha kwamba Dpp ikizidi, ovari hujaa uvimbe wa seli zinazofanana na seli shina, na ikipungua, seli shina hupotea mapema. Binadamu naye ana protini za ukoo huohuo, ziitwazo BMP, zinazoshiriki katika kuunda mifupa.

Lakini kinachonishangaza mimi ni ugunduzi wa 2004 wa Toshie Kai na Spradling. Katika inzi wazima waliozidishiwa Dpp, seli zilizokwisha kuanza kubadilika, zikiwa zimeungana 4 au 8, ziliachana moja moja, zikarudi kuwa seli shina na kuzalisha mayai kama kawaida.