Je, wajua kwa nini pichani ukuta hutoka safi na mpiga mbizi hutoka kama moshi?

Mpwa wangu alinijia barazani juzi na kamera shingoni, uso kaukunja. Kaiacha kamera yake ndogo ya mfukoni, kanunua Nikon kubwa ya mkono wa pili pamoja na lenzi yake ya milimita 18 hadi 55.

"Mjomba, nimeuziwa kamera mbovu. Ile ndogo ilikuwa inapiga vizuri kuliko hii."

Akanionyesha picha. Forodhani, hapa Unguja, jua limeshazama, kijana karuka kutoka ukutani kwenda baharini na yuko hewani, mikono kaitanua. Tukaikuza kwenye kioo cha kamera. Mawe ya ukuta yametoka vizuri mno, ungeweza kuyahesabu moja moja. Kijana mwenyewe alikuwa ufito wa moshi wenye kaptula nyekundu.

"Na hapa pameandikwa VR," akasema, kidole kikiwa kwenye lenzi. "Si ndiyo inayozuia picha kutikisika?"

Ndiyo. Na ilifanya kazi yake barabara. Ushahidi ni yale mawe.

Mtizame mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani njia ya mawe. Miguu inajikwaa, kiuno kinayumba, lakini shingo inarudisha kila myumbo upande wa pili, na maji hayamwagiki. Kituliza mtikisiko, yaani hiyo VR, ndicho kinachofanya hivyo. Ndani ya lenzi mna vihisi vidogo vinavyopima jinsi mkono unavyoyumba, na kipande kimoja cha kioo kinasukumwa kwa sumaku kwenda kinyume cha myumbo huo, ili taswira ibaki palepale. Canon ndio waliotoa lenzi ya kwanza ya kubadilisha yenye ufundi huu, mwaka 1995. Mwaka 2003 Minolta wakaja na njia nyingine katika DiMAGE A1: lenzi iache itulie, kihisi cha picha chenyewe, kile kinachopokea mwanga, ndicho kisogezwe ndani ya kamera. Leo kamera nyingi zisizo na kioo cha ndani (mirrorless) zinafuata njia hiyo, na raha yake ni kwamba hata lenzi kuukuu ya babu inatulizwa. Kwa lenzi ndefu sana, hata hivyo, njia ya lenzi bado ina nguvu zaidi, maana kihisi hakina nafasi ya kukimbia mbali.

Lakini shingo ya mbeba ndoo inatuliza ndoo yake tu. Haimtulizi mbuzi anayekatiza njia.

Tukafungua taarifa za picha: milimita 55; tundu la lenzi f/5.6 (namba ikipungua, tundu linapanuka); ISO 400, yaani wepesi wa kamera kuuona mwanga; shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, sekunde 1/20. Kanuni ya zamani ya wapiga picha inasema shata isiwe ya polepole kuliko sekunde moja iliyogawanywa kwa urefu wa lenzi, na kwa kamera za aina yake urefu huo unazidishwa kwa 1.5 kwanza. Kwa hiyo 55 inakuwa kama 80, na bila msaada angehitaji 1/80. Kituliza kilimshusha hadi 1/20 na mawe yakabaki makali. Sasa mgeukie kijana. Mtu akishaanguka mita moja na kitu, anakwenda kama mita 5 kwa sekunde. Katika 1/20 ya sekunde ameshapita sentimita 25, yaani kichwa chake kimefika kilipokuwa kifua. Hakuna kioo cha kumrudisha huyo.

Ndiyo maana picha isiyotulia huisomi kwa kulalamika, unaikuza na kutafuta ni nini kilicho kikali. Kama kila kitu kimevutwa upande mmoja, ni mkono wako. Kama ukuta ni mkali na mtu kavutika, ni mwendo wa mtu. Na kama mtu ni laini lakini jiwe la nyuma yake linang'aa, ni fokasi iliyokosea, yaani lenzi imelenga umbali usio wake, na hapo kituliza hakihusiki hata chembe.

Hilo la tatu ndilo linalowachanganya wanaotoka kwenye kamera ndogo. Kihisi cha kamera ya mfukoni ni kidogo kama ukucha na lenzi yake halisi ni ya milimita chache tu, kwa hiyo karibu kila kitu huwa kwenye fokasi, mbele na nyuma. Kamera kubwa haikusamehe hivyo. Kwa lenzi ya milimita 50 kwenye f/1.8, ukimpiga bibi harusi kutoka mita moja na nusu, eneo lililo kali ni kama sentimita 6. Jicho kali, hereni imeshapotea.

Basi afanyeje? Mpwa wangu alikuwa na fikra ya kutafuta lenzi ndefu, maana anatamani kima punju wa msitu wa Jozani na pomboo wa Kizimkazi. Nikamwambia tumalize Forodhani kwanza. Unguja iko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, jua linazama karibu wima, na mwanga wa jioni hauna subira. Kinachotakiwa pale ni mwanga mwingi uingie, na hiyo ni kazi ya tundu. Lenzi ya 50 yenye f/1.8 ni ndogo, haizuumu, mara nyingi haina kituliza, na ni miongoni mwa za bei nafuu kabisa. Lakini kutoka f/5.6 hadi f/1.8 mwanga unaongezeka karibu mara kumi. Ile 1/20 inakuwa 1/200. Pandisha ISO kutoka 400 hadi 1600, inakuwa 1/800. Kwa kasi hiyo kijana anapita milimita 6 tu, na chengachenga za ISO 1600 huoni ila ukizitafuta kwa ugomvi.

Kwa Jozani hesabu inageuka. Kima punju wamezoea watu, wanakaa karibu, na akishajaza tumbo majani anakaa tu kwenye tawi anakutizama. Chini ya miti kuna kiza, yeye hasogei, mkono wako ndio unaotetemeka, na lenzi ndefu inakuza kila mtetemo. Hapo kituliza ni mali. Akianza kuruka mti kwa mti, umerudi Forodhani.

Hapa ndipo pa kuangalia unaponunua. Herufi zinatofautiana: Nikon wanaandika VR, Canon IS, Tamron VC, Sony OSS. Wengi wenye kamera za Canon huchukua lenzi ya 75 hadi 300 kwa kuwa ni rahisi na namba ni kubwa, kumbe ile ya kawaida ya bei nafuu haina kituliza. Ile ya 55 hadi 250 ina namba ndogo zaidi na ina IS. Mimi ningeichukua hiyo bila kufikiri mara mbili. Nikon nao wana 70 hadi 300 ya AF-P yenye VR na nyingine isiyo nayo, zikikaa meza moja ni mapacha. Soma ubavuni. Halafu ielekeze kwenye taa uchungulie ndani: unyevu wa huku pwani unaotesha ukungu kwenye vioo, nao unaonekana kama nyuzi za buibui.

Kizimkazi ni shughuli nyingine. Boti inapopanda na kushuka na wimbi, huo si mtetemo wa mkono tena, na pomboo naye hakungoji. Weka 1/1000 uache kituliza kijifanyie kinachoweza.

Jioni ya pili tulikwenda Forodhani wawili, na 50 ya kuazima. Ruko la kwanza kijana katoka mkali, matone yanahesabika, ila miguu haimo: 50 kwenye kamera ile ni kama 75, inabana. Mpwa wangu akarudi nyuma hatua moja, mbili, jicho bado kwenye kamera, tatu, mpaka mgongo ukagota kwenye mashine ya juisi ya miwa.

"Kaka," mwenye juisi akamwambia, "nunua kwanza, ndiyo uegemee."