Kuku mzima na tumbo la mlaji: dhana potofu kuhusu bakteria wa utumbo na chanjo za kuku

Dhana: Kuku asiyeumwa hana bakteria wa kuogopa.

Hii ndiyo mama wa dhana nyingine zote. Kampilobakta, mmoja wa bakteria wanaoongoza duniani kwa kuharisha watu, hukaa utumboni mwa kuku bila kumsumbua sana. Joto la mwili wa kuku ni kama nyuzi 41 hadi 42 za selsiasi, na bakteria huyu hupenda joto hilohilo. Hujazana zaidi kwenye vifuko viwili vilivyozibwa upande mmoja, pale utumbo mwembamba unapokutana na mpana.

Mpasue kuku wa nyama wa wiki tano, aliyekuwa akila na kukimbia vizuri asubuhi ileile. Chukua gramu moja ya uji wa kahawia ulio ndani ya kifuko, uzimue mara kumi, kisha mara kumi tena, hadi maji yawe meupe kabisa machoni. Dondoshea kwenye sahani ya kuoteshea, uiweke mahali penye oksijeni kidogo. Siku mbili baadaye utaona makoloni ya kijivu, bapa, yanayong'aa kama matone ya maji. Ukipiga hesabu kurudi nyuma, gramu ile ilikuwa na bakteria milioni 100, pengine zaidi. Mtu ameshawahi kuugua kwa kumeza takriban 500 tu.

Kwa kuwa bakteria huyu haoti kirahisi kwenye sahani za kawaida, kwa miaka mingi maabara za hospitali zilimpita tu. Alianza kupewa uzito mwaka 1977, daktari Mwingereza Martin Skirrow alipoonyesha namna ya kumwotesha kutoka kwenye kinyesi cha wagonjwa.

Dhana: Kuku wamechanjwa, basi wamekingwa.

Wamekingwa dhidi ya nini? Chanjo ya kideri huzuia kirusi cha kideri, haina habari na bakteria. Salmonela, bakteria mwingine wa kuku anayeharisha watu, ana chanjo zake, hai na zilizouawa, na zimefanya kazi kubwa: kuchanja kuku wa mayai nchini Uingereza katika miaka ya 1990, pamoja na usafi na ukaguzi wa mabanda, kulishusha sana idadi ya watu walioumwa kwa sababu ya mayai. Kampilobakta bado hana chanjo ya kuku iliyo sokoni.

Dhana: Basi ni uzembe wa watafiti.

Natamani ingekuwa hivyo, maana uzembe una dawa. Kifaranga huanguliwa akiwa na kingamwili (protini za kupigana na vijidudu) za mama yake alizopata kupitia kiini cha yai. Zinamlinda wiki mbili hivi za mwanzo, lakini zinaweza pia kuipunguza nguvu chanjo utakayompa. Zikiisha, bakteria huingia bandani na ndani ya siku chache kundi zima linaye. Kuku wa nyama naye huchinjwa akiwa na wiki tano hadi saba. Kinga unataka iamke lini? Tena, unamfundisha kuku kupigana na mgeni ambaye mwili wake umeshazoea kuishi naye.

Kuna kichekesho humu. Kampilobakta ana kimeng'enya cha kuunganisha sukari na protini, na mwaka 2002 watafiti walionyesha kwamba mfumo huo ukihamishiwa ndani ya E. koli, bakteria mwingine wa utumbo, unafanya kazi. Leo hutumika kutengenezea chanjo, zikiwemo za majaribio dhidi ya Kampilobakta mwenyewe. Majaribio mengine hutia moyo, mengine hayaonyeshi kitu.

Dhana: Mtafiti wa chanjo aliye kwenye kazi ya baada ya uzamivu bado ni mwanafunzi.

Alishamaliza uzamivu, shahada ya juu kabisa. Ni mwajiriwa wa mkataba, mara nyingi wa miaka miwili au mitatu, na chanjo huchukua zaidi ya hapo. Kwa hiyo mkono mmoja unahesabu makoloni, mwingine unaandika ombi la fedha za mkataba ujao.

Dhana: Ukitoa chanjo hai, ongeza antibayotiki kwa usalama.

Chanjo hai ya Salmonela ni bakteria. Dawa itaiua. Klorini ya maji ya kunywa nayo hivyohivyo.

Dhana: Kuosha kuku mbichi humtakasa.

Maji huruka hadi kwenye sinia na kachumbari. Kinachoua bakteria ni moto wa kupikia.

Dhana: Chanjo isiyomaliza bakteria wote imeshindwa.

Mwaka 2020 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilikadiria kwamba bakteria wakipungua mara 1,000 katika vile vifuko, hatari kwa watu itokanayo na nyama ya kuku ingeshuka kwa asilimia 58. Rudi kwenye ile gramu yetu: milioni 100 wanakuwa laki moja. Kuku mwenyewe bandani hana habari, kabla ya chanjo alikuwa mzima na baada yake ni mzima vilevile.