Pesa za Ukimwi: Yanayosemwa Kisumu na Yaliyo Kweli

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Nyalenda, mmoja wa wale zaidi ya laki moja waliokabidhiwa kazi hii nchi nzima Septemba 2023. Mkoba wangu una kipima presha, kipima sukari na vikorokoro vingine vichache. Hata hivyo mama mmoja muuza omena kwenye barabara ya kwenda Dunga huniita daktari, na kila nikipita ana uvumi mpya wa kuniuliza. Mwaka wote wa 2025 uvumi wake ulikuwa wa jambo moja: pesa za ukimwi. Nimekusanya ule niliousikia zaidi, kwake na kwa vijana wa boda wa Kondele.

Dhana: "Trump amekata ARV."

Tarehe 20 Januari 2025, siku aliyoapishwa, Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Siku chache baadaye miradi ikaagizwa isimame papo hapo. Kabla mwezi huo haujaisha, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Marco Rubio, aliruhusu huduma za kuokoa maisha ziendelee, zikiwemo ARV, yaani dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi. USAID yenyewe, shirika la misaada la Marekani, ilifungwa rasmi 1 Julai 2025.

Kwa hiyo hakuna karatasi iliyoamuru watu wanyimwe vidonge. Mbona basi watu walikosa? Hapo ndipo wengi hawaielewi hesabu ya pesa hizi. Wagonjwa wengi wazima siku hizi humeza kidonge kimoja kwa siku chenye dawa tatu ndani yake: tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Mwaka 2023 Global Fund, mfuko wa kimataifa wa kupambana na ukimwi, kifua kikuu na malaria, ilitangaza kwamba inanunua dawa hiyo kwa chini ya dola 45 kwa mtu mmoja kwa mwaka mzima. Ukiigeuza kuwa shilingi na kuigawa kwa siku za mwaka, unapata kama 16 kwa siku. Chapati ya kibandani ni 20.

Gharama iko njiani. Kuna anayeingiza jina lako kwenye kompyuta na anayekupigia simu ukikosa kliniki. Kuna mwenye pikipiki anayebeba damu yako ndani ya kisanduku cha baridi hadi maabara, pengine ya taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, hapo Kisian au Alupe kule Busia, ili ijulikane kama virusi vimeshuka. Kuna mama mwenye virusi aliyezaa mtoto asiye navyo, naye huketi na mjamzito mgeni na kumwambia inawezekana. Wengi wa hawa walilipwa na miradi, kwa mikataba mifupi. Mradi ukisimama, wanakwenda nyumbani siku hiyo hiyo, na chupa za dawa zinabaki kwenye rafu.

Mama omena ananisimulia yaliyomkuta. Yeye huishi Nyalenda lakini dawa anachukulia kituo kimoja nje ya mji, kwa sababu huko hakuna anayemjua. Zamani alipewa chupa ya vidonge 90, akaiziba kwa pamba juu isilie kama kayamba ndani ya matatu, akaja zake kwa miezi mitatu ya amani. Machi mwaka huo alikuta nesi mmoja na foleni iliyopinda hadi kwenye tangi la maji. Akapewa vidonge 30. Mwezi uliofuata omena ilikuwa haba, nauli ikakosekana, naye akakaa siku kumi na moja bila dawa. Hakuna aliyempigia simu. Yule karani aliyekuwa akimpigia alikuwa ameshafungua duka la mitumba.

Dhana: "Hizo ni pesa za wazungu, sisi tunapokea tu."

Nusu ya kwanza ina ukweli mwingi. Tangu Global Fund ianzishwe mwaka 2002 na mpango wa Marekani wa PEPFAR mwaka 2003, zaidi ya nusu ya pesa za kupambana na ukimwi Kenya zimetoka nje. Hilo tusilifiche.

Lakini nesi aliyebaki peke yake siku ile analipwa na kaunti. Jengo ni la umma, na stima na maji ni kodi yako. Hata Global Fund haitoi bila nchi kuweka fungu lake, na serikali ikichelewesha fungu hilo, msaada nao unaingia mashakani. Kisha kuna ahadi ya Abuja ya mwaka 2001, ambapo viongozi wa Afrika walisema watatenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Kenya haijaifikia. Nikiwaambia hivi vijana wa boda huwa wananyamaza kidogo, halafu mmoja anauliza, "Sasa daktari, hizo zingine huenda wapi?" Swali hilo nimeliacha kwa mheshimiwa wetu.

Tena tumewahi kukosa bila mzungu kukata chochote. Mwaka 2021 shehena ya ARV iliyotolewa bure na Marekani ilikaa bandarini Mombasa kwa miezi. Wakubwa walikuwa wakivutana kuhusu kodi na kuhusu nani aisambaze, kwa kuwa wafadhili walikuwa wameingiwa na shaka na KEMSA, shirika la serikali la kusambaza dawa, baada ya kashfa ya vifaa vya Covid. Watu wanaoishi na virusi waliandamana barabarani kudai dawa iliyokuwa tayari iko nchini.

Dhana: "Ukiandikishwa unalipwa kila mwezi."

Hapana, hakuna malipo kwa kuandikishwa kuwa na virusi. Iko ruzuku ya serikali kwa familia maskini zinazolea mayatima, iliyoanza mwaka 2004, na huangalia umaskini wa nyumba na mtoto aliyeachwa, haimpimi mtu damu. Uvumi huu naona hata uvivu kuujibu, ila umewavunjia watu heshima majirani wakihesabu sufuria mpya za wenzao.

Dhana: "Bila SHA hupewi dawa."

ARV katika vituo vya umma ni bure, uwe umejiandikisha SHA, bima ya afya ya serikali, au la. Niliyaona madhara ya uvumi huu kwa macho: kijana wa karibu miaka ishirini na mitano alirudi kutoka mezani pa usajili, akiamini kwamba pale pasipo kadi hapana dawa. Hakuna aliyemfukuza. Alikuwa amesikia tu mtu wa mbele yake akiulizwa. Kujiandikisha kuna faida yake, maana SHA iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024 ndiyo utakayoitegemea ukilazwa kwa nimonia. Lakini hayo ni mambo mawili, na meza ikiwa moja yanageuka kuwa moja vichwani mwa watu.

Dhana: "CCC zimefungwa, kwa hiyo huduma imekwisha."

CCC ni kile chumba, au kile kijumba cha nyuma ya hospitali, walichozoea watu wa dawa. Pesa za kukiendesha kando zilipopungua, vituo vingi vilihamishia wagonjwa hao kwenye kliniki ya kawaida, wapange foleni na wa presha na wa kisukari. Huduma ipo. Kwa upande wa pesa mimi naunga mkono: nesi mmoja, faili moja, na mgonjwa mwenye virusi na sukari haji mara mbili. Ila namna ilivyofanywa sehemu nyingine inaniudhi. Huwezi kumweka mtu aliyeficha chupa kwa pamba miaka minane kwenye benchi moja na shemeji yake, halafu umwite kwa sauti kwenda dirisha lile linalojulikana.

Dhana: "Tutibu waliougua, kinga ni anasa."

Hii husemwa na watu wenye akili zao, na ndiyo iliyoniuma zaidi. Ile ruhusa ya Rubio ya mapema 2025 ilibana kinga sana. PrEP, dawa anayomeza asiye na virusi ili asiambukizwe, ilibakizwa kwa fedha za PEPFAR kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu. Mvuvi wa Dunga akawa nje. Msichana wa Manyatta ambaye mpenzi wake hataki kupima akawa nje. Kenya ilikuwa imeanza kuitoa kwa upana tangu 2017.

Chukua hesabu ya mama na mtoto. Bila huduma yoyote, kati ya watoto 100 wa akina mama wenye virusi, 15 hadi 45 huambukizwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au kwa kunyonya. Mama akimeza dawa na kufuatiliwa, wanashuka chini ya 5. Mtoto mmoja akiponyoka unamnunulia dawa maisha yake yote, na vipimo vyake, na nauli ya bibi yake. Na mtu mzima ambaye virusi vyake vimeshuka hadi havionekani kwenye kipimo, na vikabaki hivyo, hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Yaani tiba yenyewe ni kinga, mradi kile kipimo kifanyike. Kisanduku cha baridi na pikipiki tena.

Kisumu haistahili kuambiwa kinga ni anasa. Ni hapa, kati ya 2002 na 2006, vijana 2,784 walikubali kuingia kwenye utafiti wa tohara, na matokeo yakawa na nguvu kiasi kwamba ulisimamishwa kabla ya muda wake ili wote wapewe nafasi ya kutahiriwa: tohara ilipunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa kwa zaidi ya nusu.

Dhana: "Mkataba umetiwa saini, pesa zimerudi."

Desemba 2025 Kenya na Marekani zilitia saini makubaliano ya afya ya miaka mitano. Marekani ilitaja hadi dola bilioni 1.6, na Kenya ikaahidi kuongeza dola milioni 850 kutoka mfukoni mwake. Fedha zinakusudiwa kupitia serikalini badala ya mashirika. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha kwa muda sehemu ya kupeana data za wagonjwa, kwa kuwa kuna waliouliza ni nani atakayeona majina yetu. Mama omena aliposikia hilo la majina alicheka, akasema yeye huficha chupa kumbe siri iko kwenye kompyuta.

Saini haimrudishi karani wa mitumba kazini. Kaunti ikimtaka, lazima imwandike kwenye bajeti yake kwa jina la kazi yake na mshahara wake, na bajeti hiyo hupitia kikao cha umma ambacho mimi nimehudhuria mara mbili, mara zote mbili tukizungumzia barabara.

Juzi nilimkuta mama omena akianua omena zake kabla ya mvua. Kliniki yake ni wiki ijayo.

"Daktari, niende na nini? Wasinirudishe."

Nikamwambia abebe kadi yake ya kliniki na chupa ya zamani hata kama ni tupu, na akiulizwa SHA aseme amekuja kuchukua dawa. Na namba ya simu aandikishe upya, ile ya zamani ilishapotea.

"Na nani atanipigia?"

Kwa sasa, mimi. Akanitazama kidogo, kisha akauliza kama nimekuja kununua au kupiga domo. Nikachukua gorogoro moja.