Gari lipo kituoni, mhudumu hayupo: zamu zinavyoamua muda wa kukufikia

Ratiba ya zamu za ambulansi ikibadilishwa tu, malalamiko huja na maneno yaleyale: "Gari tumeliona limeegeshwa kituoni, halafu mnatuambia hakuna gari." Mliliona kweli. Na kweli hakukuwa na gari. Kwetu sisi tunaopanga zamu, gari lisilo na mtu wa kuliendesha na kutibu ni bati lenye taa. Tunachohesabu ni saa za gari lenye watu: limekaguliwa, liko tayari kuondoka, na aliyemo ndani bado yumo katika saa zake halali za kazi.

Makala hii inahusu zaidi gari la mwitikio wa haraka, lile gari dogo la mhudumu mmoja. Ndilo la kwanza kuguswa rosta inapopanguliwa, na ndilo wananchi wengi wasilolielewa.

Gari hili halina kitanda. Hubeba mhudumu wa dharura mwenye uzoefu, mashine ya kushtua moyo, mtungi wa oksijeni, mfuko wa kupumulishia, mashine ya kufyonza mate na matapishi, dawa za dharura na vifaa vya kuzuia damu. Kazi yake ni kutangulia na kuanza matibabu. Moyo ukisimama, kila dakika inayopita bila kifua kukandamizwa na moyo kushtuliwa hupunguza uwezekano wa kupona kwa takriban asilimia 7 hadi 10, hivyo gari linalowahi kwa dakika tatu limeokoa kitu kikubwa. Ila kumsafirisha mgonjwa haliwezi. Anayegoma kufungua geti kwa sababu "mmeleta kigari kisicho na kitanda" anamchelewesha mgonjwa wake mwenyewe.

Watu watano kwa kiti kimoja

Wiki ina saa 168. Mhudumu wa mkataba wa saa 40 kwa wiki hujaza sehemu yake tu, kwa hiyo kiti kimoja kisichokaa wazi mchana na usiku kinadai watu 4.2. Hiyo ni kama hakuna anayekwenda likizo. Toa wiki 5 za likizo, wiki 1 ya mafunzo na wiki 2 za ugonjwa na dharura za kifamilia, mtu anabaki na wiki 44 za kazi katika 52, na hesabu inapanda hadi karibu watu 5. Gari dogo moja la saa 24 ni watu 5. Ambulansi moja yenye wahudumu wawili ni watu 10. Kituo chenye ambulansi mbili na gari dogo moja kinahitaji watu 25 kabla hujamtaja msimamizi wala fundi. Anayesema "ongezeni gari moja tu" anasema, bila kujua, "ajirini watu watano".

Sasa chukua asubuhi moja ambayo mhudumu wa ambulansi amepiga simu kwamba anaumwa. Ambulansi haiondoki na mtu mmoja: nani atakaa nyuma na mgonjwa wakati mwenzake anaendesha? Msimamizi ana njia mbili. Aiegeshe ambulansi, au amtoe mhudumu wa gari dogo amhamishie kwenye ambulansi. Mara nyingi huchagua ya pili, na huchagua vizuri, kwa sababu ambulansi hutibu na kusafirisha. Lakini kwenye karatasi bado kuna magari matatu, na barabarani yako mawili. Hilo la tatu ndilo mnaloliona limeegeshwa.

Kwa hiyo ratiba mpya iliyotungwa bila watu wa akiba haiwaathiri wote sawasawa. Mapengo yake yote hutiririkia kwenye gari dogo, na hasa usiku na mwisho wa wiki, nyakati ambazo kumpata wa kujazia ni kazi.

Zamu zinapopishana

Mpangilio wa kawaida ni zamu za saa 12, kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 1 usiku na kinyume chake. Ni rahisi kuupanga na wafanyakazi wengi wanaupenda, maana huwapa siku nyingi za mapumziko. Tatizo ni magari yote yanapobadilisha watu kwa wakati mmoja.

Mhudumu anayeingia hapokei ufunguo na kuondoka. Anajaribu mashine ya kushtua moyo na kuangalia betri ya akiba, anasoma kipimo cha mtungi wa oksijeni, anawasha mashine ya kufyonza asikie kama inavuta, anahakikisha dawa hazijapita muda, anajaribu redio, king'ora na taa, anakagua matairi na mafuta. Kisha dawa zinazodhibitiwa, kama mofini: zinahesabiwa moja moja, zinaandikwa kitabuni, na katika huduma nyingi zinasainiwa na watu wawili. Hapo wahudumu wawili wa ambulansi husainiana. Wa gari dogo yuko peke yake, lazima amsubiri shahidi. Kama anayetoka ameshaondoka na wenzake wote wako kwa wagonjwa, gari linakaa. Ukaguzi wa dakika 15 umekuwa 30, na hakuna aliyezembea.

Ukiziweka dakika hizo za magari yote saa 1 asubuhi, unachimba shimo katika kipindi kibaya, kwa sababu vifo vya ghafla vya moyo hutokea zaidi saa za asubuhi. Dawa yake ni kuachanisha nyakati za kuanza: gari dogo saa 12, ambulansi ya kwanza saa 1, ya pili saa 3. Baadhi ya vituo huongeza zamu ya katikati, saa 4 asubuhi hadi saa 4 usiku, ili iwe kazini wakati simu ni nyingi na ivuke mabadiliko ya jioni bila kuguswa. Ratiba ya namna hiyo huwakera wafanyakazi wenye watoto wa kupeleka shule na wanaotegemea usafiri wa umma. Hoja yao ni ya haki, na ikipuuzwa itarudi kwa sura ya watu wanaoacha kazi.

Kuna pia mnyororo ambao wananchi hawauoni. Mhudumu wa gari dogo alipaswa kutoka saa 1:00 usiku. Saa 12:50 ametumwa kwa mgonjwa anayeshindwa kupumua. Anafika, anatibu, anaisubiri ambulansi, anamkabidhi mgonjwa, anaandika taarifa, anarudisha gari. Ni saa 2:40. Katika Umoja wa Ulaya sheria inataka mapumziko ya saa 11 mfululizo kati ya siku na siku, na huduma nyingi kwingineko zina kanuni inayofanana. Hawezi basi kuanza kabla ya saa 1:40 asubuhi. Aliyekesha naye ametimiza saa zake. Dakika 40 za asubuhi gari halina mtu, kwa sababu ya simu ya jana jioni. Wanaouliza kwa nini "asivumilie tu" wangefikiri upya wakijua kwamba mtu huyo ndiye anayepima dozi na ndiye anayepita makutano kwenye taa nyekundu kwa mwendo wa dharura.

Gari moja likipungua

Watu hudhani ukipunguza robo ya magari, muda wa kufika utaongezeka kwa robo. Sivyo. Wachambuzi Kolesar na Blum, waliochunguza magari ya zimamoto ya New York miaka ya 1970, walionyesha kwamba umbali wa wastani hadi gari la karibu lililo huru huenda kinyume na kipeuo cha pili cha idadi ya magari yaliyo huru katika eneo: magari yakipungua, umbali unaongezeka. Ukitoka magari 4 kwenda 3, umbali unaongezeka kwa asilimia 15 hivi. Ukitoka 2 kwenda 1, unaongezeka kwa asilimia 41. Ndiyo maana gari dogo linaloondolewa saa 9 usiku, wakati yako mawili tu, linauma kuliko linaloondolewa saa 6 mchana, hata kama simu za usiku ni chache. Hesabu hiyohiyo inakata upande wa pili: kupunguza umbali kwa nusu kunadai magari huru mara nne.

Neno la kushika hapo ni "huru". Ambulansi zilizopanga foleni hospitalini zikisubiri kukabidhi wagonjwa ziko kazini kwenye rosta, lakini kwa mratibu wa magari ni kama hazipo. Foleni hiyo hulikamata na gari dogo, kwa sababu mhudumu wake hawezi kumwacha mgonjwa mahututi mpaka ambulansi ifike. Hakuna rosta inayotibu foleni ya hospitali, na tusidanganyane kwamba ipo.

Takwimu za muda wa kufika zisomwe kwa tahadhari. Tuseme simu 8 zimefikiwa kwa dakika 6 na simu 2 kwa dakika 26. Wastani ni dakika 10, na ripoti inapendeza. Ukiuliza simu 9 katika 10 zilifikiwa ndani ya muda gani, jibu ni dakika 26. Uingereza ina fundisho hapa. Lengo la zamani la England lilikuwa kufikia asilimia 75 ya simu nzito ndani ya dakika 8, na gari lolote lililofika lilisimamisha saa. Huduma zikavutika kutuma magari madogo ili saa isimame, huku mgonjwa akiendelea kusubiri gari la kumpeleka hospitali. Mwaka 2017 vipimo vilibadilishwa: kwa simu za kundi la kwanza, yaani za hatari ya kufa papo hapo, lengo ni wastani wa dakika 7, na 9 katika 10 ndani ya dakika 15, na kwa kundi la pili, la dharura kubwa kama kiharusi, wastani wa dakika 18, na 9 katika 10 ndani ya dakika 40. Kwa mgonjwa wa kundi la pili anayehitaji kusafirishwa, saa husimama linapofika gari linaloweza kumbeba. Baada ya hapo huduma nyingi zilihamisha watu kutoka magari madogo kwenda ambulansi. Ukisikia magari madogo yamepunguzwa mahali, usikimbilie kusema huduma imekufa. Uliza kwanza watu wake wamehamishiwa wapi, na simu nzito zinafikiwaje usiku.

Upande wa mpiga simu

Mpokea simu anapouliza maswali, gari halimsubiri amalize. Anayeuliza si anayeendesha. Anwani ikishajulikana na tatizo likaonekana ni la hatari, mratibu aliye meza nyingine anatuma gari huku maswali yakiendelea. Kumfokea "acha maswali, leta gari" kunafuta sekunde ambazo angekuelekeza jinsi ya kukandamiza kifua.

Toa mahali kwanza, kabla ya kisa: mtaa, namba ya nyumba, ghorofa, alama inayoonekana usiku, kisha namba ya simu unayopigia. Usikate mpaka uambiwe. Mtu mmoja asimame barabarani na tochi, mbwa afungwe, geti liwe wazi. Mhudumu wa gari dogo yuko peke yake na mifuko miwili au mitatu. Akipata wa kumbebea mmoja, anafika ghorofa ya tatu akiwa na pumzi ya kufanya kazi. Usipige tena kuuliza "wamefika wapi". Piga tena hali ya mgonjwa ikibadilika, kwa mfano amepoteza fahamu au kupumua kumebadilika, kwa sababu hapo simu yako hupangwa upya na inaweza kupanda daraja.

Kuhusu adhabu, maana watu huziona ni vitisho vya matangazo. Kupiga simu ya uongo ni kosa la jinai katika nchi nyingi. Uingereza, kwa mfano, sheria inaruhusu kifungo cha hadi miezi 6, au faini, au vyote viwili. Simu hurekodiwa pamoja na namba na muda, kwa hiyo ushahidi haukosekani. Kumzuia mhudumu wa dharura ni kosa linalojitegemea. Ujerumani, madereva wanaposhindwa kufungua njia ya katikati kwa magari ya uokoaji kwenye msongamano, faini huanzia euro 200. Anayepiga kwa nia njema akakosea kupima uzito wa hali hashtakiwi, na tusingependa hofu ya adhabu imfanye mtu asite kupiga.

Kosa moja halina faini lakini linatugharimu karibu kila siku: familia imeamua kumpeleka mgonjwa kwa gari lao na haijatujulisha. Mhudumu anafika, anagonga, hakuna jibu. Kwa utaratibu haruhusiwi kuondoka tu. Anapiga namba iliyosajiliwa, anazunguka nyumba, anachungulia madirishani, anauliza majirani, na akishuku kuna mtu amezirai ndani anaita polisi waje kuvunja mlango. Muda wote huo gari linasomeka "kazini", na simu inayofuata inapewa gari la mbali zaidi. Mkishampakia mgonjwa wenu, mmoja apige namba ileile ya dharura na kusema: "Tumeshaondoka naye, futeni ombi letu," ataje anwani aliyotoa mwanzo, kisha asubiri mpokea simu athibitishe kwamba ombi limefutwa.